Kilo Sita za Nyanjige

Kwa maneno ya mama Bundala, jirani wa ng'ambo ya korongo, mambo yalikuwa hivi. Alikuwa anatoka kuchota maji, hamadi, akamwona Nyanjige binti Jilala ameinama kando ya njia ya Sapiwi, furushi la pamba limefunguliwa chini, na mwanamke mgeni mwenye kanga nyekundu amesimama naye. Mara mikono ikaingia kwenye pamba. Mara kitu kikaingia kwenye kanga.

"Sisemi ameuza," alimalizia kila alipohadithia, kiganja kifuani. "Mimi nasema nilichokiona. Lakini jamani, pamba inafunguliwa njiani ili ipunge upepo?"

Alihadithia kisimani, akahadithia kwenye mashine ya kusaga, na Jumapili baada ya misa akahadithia tena, ile kanga ikiwa sasa imeongezewa maua.

Kweli yenyewe ilikuwa fupi. Fundo la shuka lililegea, mpita njia akamsaidia Nyanjige kulikaza na kumtwisha. Basi. Mtu akikutwisha mzigo unamwambia asante. Humshiki mkono ili akae akungojee kuwa shahidi.

Shida ilikuwa kilo sita. Asubuhi ile baba yake, mzee Jilala, alikuwa amelipima furushi kwenye mizani kuukuu ya godauni la chama cha msingi cha ushirika. Chama kilikuwa hakinunui tena. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe kwa kila mwenye gari na mizani yake, katibu alibaki na godauni, popo na deni. Lakini mzee Jilala hakutoa mzigo bila kuupitisha pale kwanza, kama mtu anayeaga nyumbani. Ilisoma arobaini. Nyanjige alipofika Sapiwi kwa karani wa mnunuzi mmoja binafsi, furushi lile lile likasoma thelathini na nne.

"Mizani yenu ya chama ina kutu," karani Marcelo alimtuma Nyanjige mwenyewe kwa baba yake. "Mwambie hivyo."

Kosa kubwa. Kutu ile mzee Jilala aliwahi kuitetea kwa ngumi. Kwake mizani ya chama haisemi uongo. Na mizani ya Marcelo ilikuwa mpya, inang'aa, ina kioo. Kama mizani zote mbili ni za kweli, uongo ulibaki kwa aliyebeba. Akiwa bado anawaza hivyo, kanga nyekundu ikaingia uani mdomoni mwa mama Bundala.

"Lete ufunguo," alimwambia bintiye.

Ulikuwa ufunguo wa ghala, ambao Nyanjige aliuvaa shingoni tangu mama yake afariki.

"Baba, mimi?"

"Nimesema lete."

Mzee akampa Lucy, mke wa kaka yake Nyanjige. Kuanzia siku hiyo, kama Nyanjige anataka kikapu cha mahindi ndani ya ghala aliloliziba yeye kwa udongo, ilibidi asimame mlangoni aombe. Lucy hakuwa mtu mbaya, lakini alijifunza haraka kuchelewa.

Nyanjige hakulia. Hasira yake ilikuwa ya kukaa na kutazama. Akiwa anachuma pamba, safi kwenye kikapu, fifi, ile yenye madoa, kwenye kiroba, alirudia kichwani kila alichokiona Sapiwi, hadi akakifikia kitu kimoja kilichomfanya asimame na pamba mkononi. Redio. Kabla ya kupima, Marcelo alikuwa ameitundika redio yake kubwa ya kaseti kwenye ndoano ya mizani, akacheka na wenzake, na mshale wa mizani haukuondoka kwenye sifuri. Redio nzima! Basi mshale ule ulikuwa umerudishwa nyuma ya sifuri, umezuiwa na kijipini kilichokaa pale kwenye sifuri, na kila mzigo ulilipa kwanza njia ya kufika sifuri ndipo uanze kuhesabiwa.

Lakini aende akaseme nini? Redio? Watu wangecheka, na Marcelo angesema redio ni nyepesi. Alitaka mizani ijiseme yenyewe.

Akamkumbuka mwalimu Constantine wa darasa la saba, ambaye aliwapa hesabu zenye vitu viwili visivyojulikana kwa wakati mmoja. Darasa lote lilikuwa likiziogopa. "Msihangaike na viwili," alikuwa akisema huku anafuta ubao kwa kiwiko. "Mnazo sentensi mbili. Ya kwanza ikwambie kimoja ni nani kwa jina la mwenzake. Halafu kwenye ya pili kitoe, uweke hilo jina mahali pake. Kitabaki kimoja, na kimoja hakina pa kujificha."

Visivyojulikana vilikuwa viwili: furushi na uongo. Sentensi ya kwanza, furushi moja likipimwa: furushi ni kile anachosoma Marcelo, ujumlishe uongo wake. Sentensi ya pili ndiyo alikuwa hana. Akaipata kabla mstari wa pamba haujaisha. Mafurushi mawili yaliyo sawa, yakitundikwa pamoja, yanaibiwa mara moja tu, kwa sababu mshale unaanza safari mara moja.

Kuyafanya yawe sawa bila mizani hakukumsumbua. Alichukua mzega wa baba yake, ule mti wa kubebea mizigo begani, akaufunga kamba katikati na kuutundika kwenye boriti, furushi huku, furushi huku. Alipunguza huku, akaongeza kule, hadi mzega ukatulia.

"Unapima pamba kwa mti?" Lucy aliuliza, ufunguo ukining'inia.

"Mti hauna karani," Nyanjige alijibu.

Siku ya gulio baba alikwenda naye, furushi moja na mzega kwenye baiskeli, furushi la pili kichwani mwa Nyanjige. Hakusema ni ulinzi, lakini walipofika pale njiani alipunguza mwendo akatazama vichaka.

"Mwangaluka, ng'waniki!" Marcelo alimwamkia binti kwa Kisukuma. "Leo umeleta mlinzi?"

"Nimeleta pamba. Pima hili."

"Ishirini na nne."

"Na hili."

"Ishirini na nne. Mapacha!"

"Sasa yatundike yote mawili pamoja."

"Ya nini? Ishirini na nne mara mbili, hukusoma?"

"Nimesoma. Tundika."

Watu wa foleni walikuwa wameanza kusogea. Mmoja wao ndiye aliyeyanyanyua. Mshale ukazunguka, ukasimama. Marcelo hakusoma. Nyanjige akasoma, kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Hamsini na nne! Moja moja ni arobaini na nane. Yakiwa pamoja ni hamsini na nne. Pamba imezaa hapo kwenye ndoano?"

Moyoni alikuwa ameshaweka jina mahali pake. Kila furushi ni ishirini na nne na uongo mmoja. Mawili ni arobaini na nane na uongo mara mbili. Hayo hayo mawili ni hamsini na nne na uongo mmoja. Toa uongo mmoja kila upande. Uongo ni sita. Sita ile ile.

"Barabara mbovu, mizani imesogea," Marcelo alisema, tayari anatafuta bisibisi.

Waliosikia hayo ni wachache, maana mzee Jilala alikuwa ameshaanza. Alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, na kwa mzega. Foleni nzima ilidai kupimiwa upya, na karani akapima, jasho likimtoka.

Jioni uani mzee Jilala alihadithia. Tulimwambia tundika. Tuliona mshale. Tulimbana. Mama Bundala alikuja na kigoda chake, akapiga makofi.

"Mimi yule karani nilimjua tangu mwanzo! Ana macho ya wizi."

Nyanjige alikuwa amesimama na birika la kunawia. Alingoja. Kicheko kikapita, kikaja kingine. Hatimaye baba yake alimwita Lucy kwa mkono, akauchukua ufunguo, akamnyooshea bintiye bila kumtazama, kama mtu anayerudisha jembe la kuazima.

Hakuupokea.

"Baba, mama Bundala yuko hapa, na watu wapo. Naomba uwaambie kwa mdomo wako kwamba zile kilo sita sikuziuza."

Mama Bundala alianza kukunja kanga yake magotini. Mzee Jilala aligeuka akatazama zizini, akauliza kama ndama wamefungwa.

"Wamefungwa," Nyanjige alisema. "Baba, naomba uwaambie."

Ufunguo ulibaki hewani kati yao. Lucy akasogea kulichukua birika ili mwenzake apate mkono wa kupokea, Nyanjige hakuliachia.