Kioo cha Upande wa Dereva

Nilijifungia mwenyewe. Nalisema mapema ili asije mtu akamlaumu shemeji yangu Kondo peke yake, ingawa naye ana fungu lake, na si dogo.

Gari lilikuwa la marehemu baba yangu, Mzee Mshamu wa Kibiti. Mhandisi mmoja wa barabara alilileta kutoka Marekani: milango miwili, silinda nane, usukani kushoto. Mwaka sabini na nne, mkataba wake ulipokwisha, alimwachia baba kwa hati na saini, kwa kuwa baba ndiye aliyemlindia kambi. Baba hakujua kuendesha hata baiskeli. Mwaka themanini na tatu ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa sabuni na khanga mtoni usiku usiku. Baba akaona gari halitupiki kama sabuni. Akalijengea chumba likiwa mle mle ndani: fito na udongo pande zote, bati juu, na mlango wa kupita mtu tu. Upande wa kulia ukuta ulikuwa karibu kulibusu.

Mimi nikaja kuoa Kiongoroni, huko delta. Kwa wenzetu wale, chombo kinachokaa bila kazi hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi ndotoni, na nyufa zake hutiwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta na kugongelewa ndani maji yasipite. Kondo, kaka wa mke wangu, ni fundi wa mashua. Alilionea gari huruma. Kila mwaka alipokuja kututembelea alilipaka sifa mwili mzima, hadi ndani ya vitasa, kisha akatia kalafati sakafuni, kwenye vioo, kila penye tundu.

"Shemeji," aliniambia, "hili ukiliteremsha majini leo, Mafia linafika."

Sikumkataza. Fundi wa bure hakosolewi. Na pumu yangu, ambayo nimezaliwa nayo, nikaipeleka ikalale chumba cha mbali na harufu ile.

Januari ya mwaka tisini na mbili, wakati wa ruksa, kila mtu akiuza chochote alichonacho, alifika Bwana Ashrafu. Mfanyabiashara wa vipuri kutoka Dar es Salaam, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amesikia habari za gari katika gesti ya Ikwiriri. Hakunywa hata maji. Alilala chali kwenye vumbi na shati lake lile, akaingia uvunguni na tochi, akatoka macho yamelowa.

"Zinalingana," alisema.

"Nini na nini?" nikauliza.

"Namba ya injini na namba ya fremu. Zimezaliwa pamoja, hazijaachana."

"Zimezishinda ndoa nyingi za hapa Kibiti," alisema Nasra, mke wangu, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefunga ndoa hizo zote.

Nikamuuliza mgeni, "Bwana, bandarini yanashushwa magari mapya kila wiki. Hili kongwe unalitakia nini?"

Akalipapasa boneti, sifa ikamganda viganjani. "Haya yalitengenezwa yakimbie, ndugu yangu. Na yalikimbizwa kweli. Yakagongwa, yakabadilishwa injini, yakapakwa rangi mpya. Kila aliyelipenda lake alilimaliza. Hili halijaguswa. Rangi ya kiwandani, vioo vya kiwandani, vyote vina chapa ya mwaka wake. Gari waweza kulitengeneza mara mia. Kuwa lenyewe ni mara moja." Akaugusa mlango wa dereva. "Kaka yangu alinipandisha la namna hii nikiwa na miaka tisa. Alinifungia mlango kwa mkono wake. Kaka sinaye tena. Naomba uingie, ufunge mlango, nisikie tu."

Mlango wa dereva tulikuwa tumeufungua asubuhi kwa kuuvuta watu wawili. Nikaingia, nikaufunga. Ulilia *tumbu*, mzito, kama kifuniko cha kasha la harusi. Bwana Ashrafu alifumba macho.

"Ndio wenyewe," alisema.

Nikavuta kitasa nitoke. Kikavutika kama ulimi wa maiti. Nikavuta tena.

"Toka basi, umeshaonekana," alisema Nasra.

"Nakuja," nikasema. Nilishika mkono wa kuteremshia kioo. Haukusogea. Sifa ya miaka minane ilikuwa imeganda mle ndani kama gundi ya kiatu.

"Usiulazimishe!" Bwana Ashrafu alipaza sauti. "Huo ni wa kiwandani."

Nikageukia mlango wa abiria: ukuta. Nikatafuta upenyo wa hewa: kalafati. Saa saba mchana, bati limewaka juu yetu, na papa wote wa Mafia wamekusanyika puani mwangu. Kifua kikaanza kupiga filimbi.

Nasra aliisikia filimbi ile kupitia kioo. Akakimbilia jikoni, akarudi na birika aiyeyushe sifa.

"Maji ya moto yatabambua rangi," alisema mgeni, akimzuia.

Wakavuta wote wawili kutoka nje, mguu wa Nasra umekanyaga ubavu wa gari. Wapi. Mimi ndani nilijaribu kucheka, kwa kuwa nimezoea kucheka mambo yanaponishinda, nikakuta kicheko nacho kinahitaji hewa.

Nasra akaja na mchi wa kinu. Bwana Ashrafu alijitanda mbele ya kioo.

"Mama, nakuomba. Vioo vyote vimebaki. Sijapata kuona. Tumtafute fundi."

"Fundi yuko Kiongoroni, na ndiye aliyeyaleta haya! Wewe una vioo vingi. Mimi mume ninaye huyu mmoja, tena mbovu wa kifua. Ondoka!"

Akapiga katikati ya kioo. Mchi ukaruka. Akapiga tena, kioo kikakaa vile vile, kigumu kama deni la ndugu. Macho yangu yalianza kuona giza pembeni.

Hapo Bwana Ashrafu aliinamisha uso hadi kwenye kioo. Tangu afike alikuwa akitazama usukani, viti, saa za mbele. Sasa alinitazama mimi. Akamgusa Nasra begani.

"Sivyo hivyo. Katikati hakivunjiki, utachoka naye atakufa. Nipe mchi." Akatoa bisibisi mfukoni, akaitegesha chini kabisa pembeni, juu ya ile chapa. "Funika uso, ndugu."

Pigo moja. Kioo chote kilimwagika mapajani mwangu kama chumvi ya mawe.

Walinitoa kwa dirishani, tumbo likinasa, Nasra akinivuta kwa kwapa na kunitukana kwa mapenzi. Nililala uani hadi kifua kiliponyamaza. Bwana Ashrafu alikuwa amechuchumaa akiokota chembe za kioo, akiziweka kwenye leso.

"Kingine kinapatikana?" nilimuuliza.

"Kinapatikana. Cha gari jingine." Hakuinua kichwa. "Ningekivunja mapema. Nilijua pa kupiga tangu mwanzo. Nisamehe."

Nikamwambia yameisha. Sikuwa na pumzi ya kusema zaidi, na labda ni heri.

Alilichukua vile vile. Ijumaa baada ya swala tuliubomoa ukuta, vijana wakajipanga nyuma kusukuma, ikabaki mtu wa kushika usukani. Wote wakanigeukia. Nikawaambia mimi ni mtu wa kusukuma.

Akaingia Nasra. Mlango aliuacha wazi kabisa, mguu mmoja nje chini, akiruka nao kama kunguru.

"Sukumeni," alisema. "Na atakayeniambia nifunge, nitamgonga."