Mvua Zilizoachwa Nje ya Orodha

Mhandisi wa mitaro hajavua hata koti la mvua, simu ikaita. Alikuwa wifi yake, fundi cherehani.

"Wewe wifi, hivi shule yote ile ulisomea nini? Maji yameingia dukani tena! Mara ya tatu mwaka huu. Gauni la bibi harusi limelowa hadi kifuani."

"Pole, wifi. Mchoro wa mtaro wenu unasainiwa leo."

"Usainiwe wa maana. La sivyo nahamishia cherehani hapo mezani kwako!"

Mhandisi akacheka, kisha akauvuta mchoro. Mtaro huo aliuchora yeye: upana sentimita arobaini, kwa mvua inayotarajiwa karibu mara moja kila mwaka, milimita ishirini na nne kwa saa. Akafungua daftari la kipimo cha mvua. Mvua ya alfajiri ile, thelathini na tisa. Ya mwezi uliopita, thelathini na sita. Ya kwanza, arobaini na tatu. Mara moja kwa mwaka gani hiyo?

Akairudia orodha yake. Ofisi ilikuwa na mazoea: chukua mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka, nyingine tupa. Miaka ishirini, namba ishirini. Ile ya chini kabisa, ishirini na nne, ilitoka mwaka wa ukame, na kwa kuwa hakuna mwaka ulioshindwa kuifikia, ndiyo aliyoifanya mvua ya kila mwaka.

Akaanza upya. Safari hii aliokota kila mvua iliyozidi ishirini na tano, bila kujali mwaka, ila iliyokatika kidogo ikarudi siku ileile aliihesabu moja. Zikafika sitini na moja. Akazipanga kwa ukubwa, akashuka hadi ya ishirini, maana mara ishirini kwa miaka ishirini ndiyo mara moja kwa mwaka: arobaini na moja. Mtaro ukataka sentimita sitini.

Mkuu wa kitengo akaitazama karatasi kama mtu aliyepewa chai ya chumvi.

"Kila mwaka mvua moja. Hiyo ndiyo kazi yetu siku zote. Au wifi yako amekukalia kooni?"

"Amekalia, mkuu. Ndiyo maana nakuomba uhesabu wewe."

Mkuu akahesabu, kalamu mkononi. Kwenye mwaka wa nane akasita.

"Hapa ziko tano, zote kubwa. Tulichukua ngapi?"

"Moja."

"Na mwaka wa ukame?"

"Moja pia. Manyunyu tumeyapa kiti, mvua zenyewe tumezifungia nje."

Mkuu akacheka bila kutaka, akasaini. "Haya. Lakini upande wa pili ni nguzo za umeme. Hizo sentimita ishirini zitakatwa kwenye vibaraza vya maduka. Ukawaambie mwenyewe."

Mhandisi akaenda. Wifi yake alikuwa anasukuma maji kwa ufagio.

"Mtaro umepanuliwa kwenye mchoro, wifi."

"Hapo sasa! Nilijua unanipenda."

"Ila mtaro utakula kibaraza chako. Cherehani ya nje haitakaa tena."

Ufagio ukasimama. Pale kibarazani ndipo wateja walipomwona akishona, ndipo walipoingilia. Akakitazama kibaraza, akayatazama maji yaliyomfika vifundoni mle ndani.

"Wewe mtu mbaya sana," alisema, akaegemeza ufagio ukutani. "Haya, shika huko. Na uinue kwa nguvu za miguu, usije ukavunjika kiuno halafu kaka yako anilaumu mimi."

Wakaiinua cherehani, wakaanza kutafuta pa kuiweka.