Kidude Kinachokula "Si"

Unalijua kosa hili. Umeandika neno, mashine ikakuwekea jingine linalofanana nalo, ukacheka, ukaendelea na kazi. Ulifumba macho. Usiudhike, mimi niliyekitengeneza kidude chenyewe nilifumba kabla yako.

Sikusomea kompyuta darasani. Nilijifunza kwa vitabu vya kuazima na hasira. Nikaandika maktaba, ndivyo tunavyoita kipande cha msimbo ambacho wengine hukipachika kwenye programu zao. Yangu ilikuwa ndogo: unaipa neno, inalilinganisha na orodha yake, inahesabu herufi zinazotofautiana, inakupendekezea neno la karibu. Sasa kitenzi kimoja cha Kiswahili kina sura mamia, na mimi nilitaka orodha nyepesi. Nikaacha vitenzi vya kukanusha. Vyote.

Hospitali nilikokuwa fundi wa kompyuta ikaipachika kwenye programu ya mafaili ya wagonjwa. Mkuu wa ofisi akasema watu wana haraka, hayo mapendekezo yanachelewesha. Neno lisilojulikana libadilishwe papo hapo, bila kuuliza. Nikakubali. Kazi ya mstari mmoja.

Karani wa wodi tulimwita Mama Nukta, maana hakuwahi kuacha sentensi bila nukta. Jumanne moja, saa nne asubuhi, alinisimamisha kwenye korido.

"Fundi, kidude chako kinakula 'si' zangu."

"Kina njaa tu, mama. Kitashiba."

Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na siku kikila mtu?"

Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Wiki tatu baadaye aliandika kwenye faili la mshonaji mmoja, mama wa makamo: *asipewe*, na jina la sindano ambayo mwili wake unaikataa. *Asipewe* haikuwamo kwenye orodha yangu. *Apewe* ilikuwamo, tofauti ya herufi mbili. Muuguzi akasoma *apewe*, akamchoma.

Koo lilimvimba. Siku tatu alipumua kwa mashine. Alipona, lakini faili lilionyesha *apewe*, na chini yake jina la Mama Nukta.

Kwenye kikao cha nidhamu nilikaa viti viwili kutoka kwake.

"Niliandika *asipewe*," alisema. "Muulizeni Fundi."

Wakanigeukia. Mimi, niliyezoea kusimama getini na kipaza sauti siku za mgomo kuwataja mabosi wanaowatwisha vibarua makosa yao, nikasema mfumo haukuonyesha hitilafu. Ulikuwa ukweli wa mwanasheria: mfumo ulifanya nilichouamuru.

Hakunitukana. "Haya, mwanangu," alisema, akachukua miwani yake, akatoka. Miaka ishirini na miwili kazini, akafukuzwa kwa barua ya aya mbili. Lile "mwanangu" bado limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nimeshaandika kukiri kwangu na kutia sahihi. Mkuu anasema maneno ya mtu mmoja ni porojo. Rufaa ya Mama Nukta inasikilizwa Ijumaa, na maktaba yangu imo kwenye ofisi nyingi, huenda hata kwenye mashine iliyo mbele yako. Basi fungua sasa hivi. Andika *asilipe*. Andika *asikatwe*. Andika *asifukuzwe*. Kinachobaki kipige picha, kitie tarehe, uje nacho mwenyewe kwenye chumba cha rufaa, usimwachie mwenzako.