Mguu wa Kulia Mbele

Maximilla alikuwa amelala chali juu ya mkeka, magoti juu, katikati ya boma lake kule Likuyani, saa ambayo kila mwanamke mwenye akili alikuwa shambani akipalilia mahindi. Kando yake alipiga magoti msichana aitwaye Quinter, kiganja kimoja chini ya kiuno chake, akimwambia apunguze.

Apunguze nini? Kazi yenyewe aliyopewa ilikuwa kuviringisha kiuno kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu aliyewekewa yai juu ya kitovu na kuambiwa ole wake lianguke. Hayo ndiyo yaliyoitwa mafunzo. Nekesa, jirani yake, alipita nje ya ua na jembe begani, akasimama, akatazama, akauliza kama mazishi ni lini ili awaarifu akina mama wa kwaya.

"Pita, Nekesa," Maximilla alisema bila kuinua kichwa. "Kwa tumbo lako hilo, yai lingebingirika mpaka Shianda."

Nekesa akaenda zake akicheka. Quinter hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Punguza tena, Mama. Ukiona unatumia nguvu, ujue umezidisha."

Polepole. Neno hilo Maximilla alikuwa amelishwa tangu azaliwe. Akiwa mtoto waliambiwa wasubiri polepole mashamba ya wazungu yagawanywe. Yakagawanywa, na nyumba kubwa pamoja na ardhi nzuri zikamwendea tajiri mmoja ambaye hata jasho la jirani hakuwahi kulinusa. Wakaambiwa wasubiri hati. Wakaambiwa wasubiri maji. Tajiri akafunga njia iliyokatiza shambani mwake kwenda barabarani, wakaambiwa wasubiri mazungumzo, na huku wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakizungushwa kwa bodaboda kupitia kule mbali, wengine wakajifungulia mferejini. Maximilla aliwajua kwa majina. Aliwataja kila baraza, mbele ya kila chifu aliyekuja na kuondoka, mpaka watu wakawa wanahama kiti wakimwona anasimama. Yule aliyetunga kwamba haraka haina baraka, yeye alisema, bila shaka alikuwa ameshashiba.

Hatimaye chifu wa sasa alichoka. Akatoa amri njia ifunguliwe, na siku ikapangwa, Jumamosi baada ya palizi. Jumapili iliyofuata amri hiyo Maximilla alisimama kanisani wakati wa matangazo akaapa mbele ya watu kwamba lango lile atalipita akiwa juu ya farasi.

Watu hawakushangaa, maana walimjua baba yake. Wanzala alikuwa saisi wa mzungu aliyelimiliki shamba lile kabla ya tajiri, mzungu waliyemwita Makoti kwa sababu hata jua likiwaka hakulivua koti lake. Makoti alitembea kwa mkongojo, akitoa vumbi kwa mguu mmoja na matusi kwa mdomo, lakini akishapandishwa farasini alikuwa mfalme. Wanzala alimlisha farasi, akamsugua, akamtandika, akamshika lijamu, akamwongoza kwa miguu hadi langoni kila asubuhi ya Mungu. Kumpanda, mwiko. Miaka yote hiyo mzee alilipita lango lile akiwa kando ya farasi, nyuso mbili zikienda sambamba, na jasho moja.

Ila Makoti akienda klabu Jumapili, Wanzala alipanda nyuma ya zizi. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amemtazama bwana wake kwa jicho la mwizi mpaka akamjua kila kiungo. Makoti alipouza na kwenda kwao, aliacha jike mmoja mzee, na juu ya jike huyo Maximilla na mdogo wake Sylvanus walifundishwa. Kalia kushoto, mzee aliwaambia. Mguu wa kulia mbele, ukaze, uonekane. Hivyo ndivyo bwana anavyokaa. Jike akafa kabla mzee hajalipita lango kwa kiburi, akiwa amempanda, na yeye mwenyewe akafuata.

Sasa Maximilla alikuwa na farasi wake. Alimpata kwa Kipchirchir, mfugaji wa upande wa Eldoret, alipofunga zizi lake la mashindano. Alimwita Diwani, kwa kuwa alikula sana na hakuna aliyejua siku atakayoondoka. Ukimwongoza kwa miguu alikwenda popote. Ukimpanda alikaza mgongo, akainua kichwa, akalaza masikio, na ukimgeuza kulia alisimama kama nguzo ya stima. Na lango la tajiri, kutoka kwao, liko kulia.

Ndipo akatafutwa Quinter, binti wa Shinyalu aliyefanya kazi Eldoret mahali wanapowapandisha farasi watoto wasioweza kutembea. Siku ya kwanza hakugusa hata tandiko. Alimpitishia Diwani viganja kutoka shingoni hadi mkiani, kwa wepesi kama anayefuta unga mezani, akisimama kila mahali ngozi iliporuka na kungoja, mpaka farasi akashusha kichwa, akalamba midomo, akapiga miayo inayoonyesha kila jino. Maximilla, aliyetarajia sindano au angalau dawa chungu, aliona mnyama anabembelezwa kwa uvivu wake. Kisha msichana akasema mgongo unauma upande wa kushoto, pale tandiko linapolalia, na kwamba sasa angependa kumwangalia mpandaji.

"Mgonjwa ni farasi," Maximilla alimwambia.

"Na farasi anabeba nani?"

Ndiyo maana akawa mkekani.

Wiki ya mwisho kabla ya Jumamosi ile, Quinter alimpandisha bila tandiko, blanketi tu, akasimama kando na kuweka viganja chini ya mifupa yake ya kukalia, mmoja huku, mmoja kule. Akamuuliza kama aliwahi kuvunjika mguu wa kulia. Hajawahi. Kuteguka nyonga? Hajawahi. Kama ni kubeba miwa, kubeba maji, kubeba mtoto upande mmoja? Maximilla akamjibu kwamba amebeba vyote pande zote, na kwamba maswali haya yanafanana na ya hospitali kuu, yanaulizwa dawa ikiwa imeisha.

"Uzito wako wote uko kushoto," Quinter alisema. "Huku kulia hakuna mtu kabisa. Mguu umekauka unaelekea mbele. Diwani anakubeba kama gunia lililofungwa vibaya, ndiyo maana kugeuka hawezi."

"Hivyo ndivyo farasi anavyokaliwa."

"Nani alikwambia?"

Sylvanus, aliyekuwa ameegemea ua akila muhindi wa kuchoma, alicheka, akasema hata yeye hukaa hivyo hivyo, ni mkao wa ukoo. Quinter akamwomba apande. Maximilla akashuka, Sylvanus akapanda, muhindi bado mkononi. Kushoto kote. Mguu wa kulia mbele, mkavu kama mpini.

Msichana akawatazama ndugu wawili hao, mmoja juu na mmoja chini.

"Mnisamehe," alisema. "Nyinyi wawili hamjavunjika popote. Lakini huyu aliyewafundisha, au aliyemfundisha yeye, alikuwa na mguu usiokunjika."

Sylvanus akaacha kutafuna.

Maximilla alisikia mkongojo. Hakuwahi kumwona Makoti kwa macho ya mtu mzima, lakini mlio ule aliujua, kokoto, fimbo, kokoto, fimbo, na mama yake akiwavuta wanawe ndani. Makoti alirudi na mguu ule kutoka vita vyao, watu walisema, na chuma ndani yake. Haukukunjika. Alipandishwa farasini na watu wawili, akakalia upande alioweza, na mguu mbovu akausukuma mbele kwa kuwa haukuwa na pengine pa kwenda. Na nyuma ya mlango wa zizi palikuwa na kijana mwenye macho makali, aliyeuona mguu ule ukielekezwa mbele akadhani hiyo ndiyo enzi.

Maximilla aliyapinga majina ya wazungu kwenye barabara mpaka yakang'olewa. Shamba lile hakuwahi kuliita kwa jina lao hata siku moja. Wakati huo wote alikuwa amebeba kilema cha Makoti nyongani mwake, akikionea fahari, akikifundisha kwa watoto wa jirani juu ya gogo.

Alimwambia Quinter aende. Alimwambia vibaya, kwa maneno ambayo Sylvanus alijaribu kuyalainisha akashindwa. Msichana akakunja mkeka wake, akamshika Diwani shingoni kidogo kama anayeaga, akaenda.

Kesho yake Maximilla alimtumia ujumbe kwamba arudi. Samahani hakuandika. Aliandika kwamba ingokho, kuku wa mgeni, ameshachinjwa na obusuma, ugali wake, hauliwi na mtu mmoja.

Siku zilizobaki zilikuwa za kusaga meno. Kiganja cha Quinter kikiwa chini ya goti lake, mguu ulishuka, ukaning'inia, nyonga ya kulia ikajaa uzito, na Diwani akavuta pumzi ndefu. Lakini Maximilla alihisi anaanguka. Aliapa kwamba amepinda kulia, kwamba sasa hivi atalamba vumbi. Quinter alimpiga picha kwa simu akamwonyesha: yuko wima kama mshumaa. Simu ikirudi mfukoni, mwili ukarudi kwa Makoti. Alipojilazimisha, farasi alikaza. Alipoacha kujilazimisha, alisahau. Alimwambia Quinter kwamba kuiangusha serikali ni kazi nyepesi kuliko hii, na Quinter akamwambia mwili haupindulikangi, unaulizwa tu, na kwamba miezi michache ingetosha. Miezi hawakuwa nayo.

Jumamosi watu walijaa. Kwaya ilikuja na sare, chifu akaja na kofia yake, na askari wa tajiri wakafungua lango wakijifanya ni hisani. Maximilla alitokea juu ya Diwani, kitambaa cheupe kichwani, na nyimbo zikapanda. Kwa macho yale yote, mgongo wake ulifanya ulichokijua. Ukakaa kishujaa. Kushoto, mguu wa kulia mbele, ukazwe, uonekane.

Diwani akafika langoni, akatakiwa kugeuka kulia, akasimama.

Kwaya ikaimba ubeti uleule tena. Na tena. Mtu akacheka nyuma. Nekesa akasema kwa sauti ya kusikika kwamba diwani ni diwani, mpaka aonyeshwe kitu. Chifu akatazama saa. Maximilla aliinua kisigino cha kushoto ili ampige farasi ubavuni, upande uleule unaouma, na hapo akamwona Quinter kando ya nguzo. Msichana alifungua tu kiganja, kikielekea chini.

Akauachia mguu. Mbele ya watu wote, mbele ya kwaya, aliuacha ushuke kama kitambaa kilicholowa, na dunia nzima ikaegemea kulia. Alijua anaanguka. Alijua anaonekana kama gunia. Alihisi pia kwamba anamvua baba yake nguo hadharani, mzee aliyeiba ujuzi ule kwa miaka, akadhani ameiba dhahabu. Hakushika hata manyoya ya shingo.

Diwani akashusha kichwa, akalamba midomo, akageuka, akapita langoni.

Vigelegele vilikuwepo, lakini masikio ya Maximilla yalinasa kingine. Watu wa umri wake waliosimama upande wa ndani, waliomkumbuka Wanzala, walikuwa wakitikisa vichwa. Mmoja alisema huyu mama amezeeka, hajui tena kukaa. Mwingine akasema Wanzala alikuwa akikaa kama bwana, huyu amekaa kama mtu anayeshuka sokoni.

Sylvanus alikuwa ametoka umatini, akitembea sambamba na kichwa cha farasi. Hakumtazama dada yake usoni.

"Leo hukukaa kama mzee," alisema. "Leo ndiyo ungekaa kama yeye."

Maximilla alikuwa na majibu. Miaka yote hakukosa jibu mbele ya umati, na hili lilikuwa refu, lenye mkongojo na chuma na mlango wa zizi ndani yake. Akafungua mdomo aanze kuwaeleza, akajinyoosha kama anavyojinyoosha barazani, na mguu wa kulia ukaenda mbele wenyewe.

Diwani akasimama katikati ya njia, watu wote wakiwa nyuma yake.

Akafunga mdomo. Akatafuta mfupa wa kukalia wa upande wa kulia, akaukosa, akautafuta tena.