Sekunde Tano za Mama Anastasie

Siku ya soko, bodaboda za Bwera zikiwa bado zinagombania abiria wa kwanza, Mama Anastasie, muuza maharagwe kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, alitoa hukumu. Aliitoa akiwa ameketi juu ya gunia la maharagwe, na hukumu inayotolewa kutoka huko haina rufaa.

"Mutoto yangu Ithungu, hii mashini yako haiko na adabu. Ninapiga, ninasema jambo, ninauliza kama imelala muzuri. Inanikatia! Bamama beko na hasira. Soko ikifungwa leo na ingali inatukana watu, tunaizima."

Mashini hiyo Ithungu aliijenga mwenyewe alipomaliza sekondari. Mfanyabiashara hupiga namba, hutaja bidhaa, na sauti humwambia bei ya siku hiyo ya Bwera na ya Kasese. Bwera kwenyewe mashini haikuwa na hata kiti. Ilikaa kwenye kompyuta za kukodi kwa michango ya wanawake wa soko, nchi za mbali, zile ziitwazo wingu, ingawa hakuna tone la mvua lililowahi kutoka humo. Baba yake alikuwa amesema wazi: ikizimwa, Jumatatu anakwenda Kitswamba kulima kwa shangazi. Jembe lilikuwa limekwisha nunuliwa. Lilisimama nyuma ya mlango, jipya, likimtazama kila alipokunywa chai.

"Dada, nianze kulinoa?" aliuliza binamu yake Maate, mwendesha bodaboda, mtu mwenye huruma nyingi kwa majembe.

"Linoe la kwako," alisema Ithungu, akafungua laptopu.

Wingu halina akili yake. Hufanya tu yaliyoandikwa kwenye faili la mipangilio: jina la chaguo, nukta mbili, kisha thamani. Lugha ipi itumike, simu ngapi zipokewe kwa pamoja. Na katikati, mstari huu:

timeout: 5

Maana yake, mpigaji asipotaja bidhaa ndani ya sekunde tano, mkatie. Ithungu alikuwa ameinakili tano hiyo kutoka kwenye mfano wa wenye wingu, akaijaribu na Maate, ambaye hajawahi kumsalimia mtu akamaliza. "Nyanya!" Maate alifoka, sauti ikajibu, wote wawili wakaridhika.

Lakini mama wa Butembo hataji maharagwe hivihivi, wala mama wa Kikonzo wa hapa Bwera. Kwanza salamu, kisha watoto, kisha mbuzi, kisha magoti. Kwa sekunde tano hata mbuzi hujawafikia.

Ithungu aliandika sitini. Wingu likakataa faili zima na kulaumu mstari wa tisa. Aliusoma tena na tena mpaka akaona kosa: mistari ya ndani husogezwa kwa nafasi mbili, imesimama sawa kama wanafunzi wa senior one mbele ya kiranja, naye alipouandika upya huo wa tisa alikuwa ameusukuma kwa kitufe cha tab. Akaurekebisha. Likakubali.

Mama Anastasie alipiga, kipaza sauti wazi, wanawake wamemzunguka.

"Jambo. Umelala muzuri?"

Kimya.

"Batoto?"

Kimya.

"Angalau haijakata," alisema Maate.

"Heri ingekata! Sasa inaninyamazia kama afande ameshiba."

Wanawake walianza kufunga magunia. Ithungu hakuinua kichwa. Alirudi kwenye maelezo ya machaguo, akasoma moja baada ya jingine, hata yale ambayo ni dhahiri aliyeyaandika alikuwa anasinzia. Karibu na mwisho alilipata: sauti ya kuchezwa kila mpigaji anaponyamaza kidogo.

"Maate, njoo. Sema 'eee'."

"Eee."

"Si kama umeitwa na mwalimu wa zamu. Kama unamsikiliza mkweo."

Maate alivua kofia ya pikipiki, akashusha pumzi. "Eeee."

Ithungu akairekodi, akaandika jina la chaguo, nukta mbili, jina la sauti. Nafasi mbili, alizihesabu kwa kidole. Akatuma.

"Mama, nakuomba. Mara moja tu."

Mama Anastasie alipiga kama mtu anayemsamehe mlevi.

"Jambo."

"Eeee," ilijibu simu.

Akaketi wima. "Batoto beko muzuri?"

"Eeee."

"Goti yangu ilinisumbua, weye. Sikulala."

"Eeee," ilisema simu, kwa majonzi yasiyo na mfano.

Aliieleza goti lote, akaaga, akakata mwenyewe.

"Na bei ya maharagwe?" Ithungu aliuliza.

"Ngoja basi! Nilikuwa ninasalimia." Akapiga tena. "Maharagwe." Bei ikaja, ya Bwera na ya Kasese. "Mara ya pili hausalimii. Si tumeonana leo?" Akawageukia wenzake. "Hakuna mutu ataizima hii. Inasikiliza kuliko bwana yangu."

Jumatatu jembe lilikwenda Kitswamba peke yake, limefungwa nyuma ya bodaboda ya Maate. Maate alirudi amenuna. Njiani alikuwa amembeba mama mmoja, akamwitikia "eee" mara moja tu, naye mama akamshika bega na kumweleza habari za mbuzi wake mpaka mwisho wa safari.