Alama za Mkaa

"Uchawi wako peleka kwenu, Hamisa! Ukuta huu ni wangu mie!"

Eufrazia alisimama mbele ya nyumba yake, mikono kiunoni, sauti imeshafika mtaa wa pili. Ukuta alioupaka chokaa wiki iliyopita tu kwa ajili ya komunyo ya mwanawe Romani ulikuwa na vistari vya mkaa, kimoja juu ya kingine, kama ngazi ya mjusi. Na Temeke ya miaka ile, mtu akipiga chafya uani, barabarani wanamwuliza kalalaje. Majirani wakajaa.

"Nimekuona kwa macho yangu! Kila asubuhi wautambalia ukuta wangu kwa vidole, midomo inakuchezacheza. Ukifika mwisho, unachora. Sala gani hiyo?"

"Nilikuwa nayatukana maumivu," alisema Hamisa.

Watu wakacheka. Eufrazia hakucheka.

Tangu atoke hospitali, Hamisa alikuwa akisema katolewa uvimbe, basi. Aliwajua watu wake. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa baraza ya mtaa: chai, umbeya, hapiti mtu bila kuonja chungu. Jina la ugonjwa likijulikana, nani atatia mkono kwenye sinia lake? Nyumba tupu ilimtisha kuliko kisu cha daktari. Lakini akinyamaza atakuwa mchawi, na kwa mchawi ndiko asikokula mtu kabisa.

Akaiweka kanga vizuri begani.

"Haya, sikieni kwangu, msije mkazipata kwa Mwajabu zimeshaota mikia."

"Mie tena nimefanyaje?" alilalama Mwajabu, naye yuko mbele ya wote.

"Nimekatwa titi. Saratani. Bado naenda kusafishwa kidonda, na nitapona. Nesi kaniambia mkono utakakamaa nisipoupandisha ukutani kila siku. Ukuta wangu udongo mtupu, unanichuna vidole. Wako laini. Nikaweka alama nijue nimefika wapi. Kosa langu moja tu, mama Romani: sikukuomba."

Mwajabu akajirudisha nyuma ya wenzake.

Mwinjuma, mumewe Hamisa, kuli wa bandarini mwenye mabega ya kubeba magunia, akatokeza mlangoni kwao na mwiko, ndevu zimejaa chicha za nazi.

"Mke wangu, wali umeiva. Na nyie mnaocheka mwanamume akikuna nazi, leo hamwonji tui langu!"

Eufrazia akasogea karibu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Haiambukizi?"

"Mie na Mwinjuma tunalala kitanda kimoja, tunakula sinia moja. Mtazame alivyonenepa!"

Safari hii Eufrazia alicheka, mkono mdomoni. Akainama, akaokota kipande cha mkaa chini ya ukuta. Hamisa alidhani atakitupa. Badala yake Eufrazia akanyoosha mkono, akachora mstari mnene juu ya vyote.

"Kesho ufike hapa. Na ukitukana, tukana kwa sauti nikusikie. Chokaa nitapaka tena siku utakayoupandisha mkono huo ukajifunga kilemba mwenyewe."

Hakuondoka. Alisimama akipangusa vidole kwenye kanga, macho mlangoni kwa Mwinjuma.

"Hilo tui ni la samaki?"

"La samaki changu, tena wabichi," alisema Hamisa, akatangulia hadi mlangoni kwake, akampisha. "Kanawe mikono, mama Romani. Karibu ndani, tule."