Sampuli ya Mama

Kaka yangu hana salamu. Alhamisi ile alinitumia picha ya mmea mmoja wa mahindi, majani yamegeuka zambarau kuanzia nchani, na chini yake ameandika: "Daktari wa Matope, mahindi ya mama yamevaa sare ya kwaya. Mfyatua matofali anakuja Jumamosi." Basi. Hata habari za kazi hakuniuliza.

Nilikuwa nimeshika chekeche, trei za udongo wa watu zimejipanga mbele yangu. Nikaitia simu mfukoni, nikaitoa, nikairudisha. Rangi ile naijua vizuri. Mahindi machanga yakiwa zambarau namna ile, jambo la kwanza kulishuku ni njaa ya fosforasi, na njaa hiyo haikuwa na ruhusa ya kukanyaga shamba la mama. Maabara yetu wenyewe ilikuwa imepima udongo wake ikasema fosforasi ipo tele, asihangaike na mbolea ya kupandia, aje aweke ya kukuzia tu.

Nieleze kilichokuwa kinaniunguza. Mama ana shamba moja, lile la mteremkoni, ambalo misimu mfululizo lilikuwa likimpa magunzi. Kaka ni fundi mwashi, anaona matofali hata usingizini, naye ndiye aliyemleta mfyatua matofali aliyeutamani udongo wa pale. Mtu huyo akishachimba, kinachobaki ni shimo, na shimo halilimwi. Nilipinga kwa kelele hadi majirani wakachungulia uani. Mwisho mama akakata maneno: udongo upimwe, kipimo kifuatwe, na msimu huu mahindi yakikataa tena, mfyatua matofali achukue. Alitutamkia wote wawili, na mama akisema amesema.

Kwetu maabarani hupimi udongo wa ndugu yako. Sampuli ya mama aliipima mwenzangu tunayemwita Mizani, kwa sababu hata chumvi ya chakula chake huipima kwa kijiko. Mimi niliona majibu tu, nikayasoma kwa mama kwenye simu nikijisikia mtoto wa maana.

"Mizani, mabaki ya ule udongo wa mama yangu bado yapo?"

"Rafu ya chini. Kuna nini? Ule udongo ulinitia wivu, ujue. Mama yako kabarikiwa."

Niliupata mfuko nikaumimina kwenye trei. Udongo ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye vipande vya mkaa na nyasi zilizooza. Nikasimama nao pale kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya jirani. Shamba la mama ni jekundu. Ni jekundu hivi kwamba tulipokuwa wadogo tulichapwa kwa sababu ya sare za shule, maana doa lake halitoki kwa sabuni wala kwa machozi.

Tangu hapo sikukalika. Nilibandika namba ya mtu mmoja kwenye trei ya mwingine, nikabandua, nikakosea tena. Mizani akaninyang'anya kalamu. "Nenda kwenu," akasema, "kabla hujampa mkulima wa mpunga majibu ya mkulima wa kahawa."

Nilifika kwa mama Ijumaa mchana, lakini nilipitia shambani kwanza. Niling'oa mmea mmoja. Mizizi yake ilikuwa mifupi, minene, yenye ncha butu, kama kitu kilichojaribu kwenda mbele kikaungua. Hiyo ni kazi ya udongo mchachu. Nikaushika mmea vilevile na matope yake hadi uani, mama akiwa anapepeta maharage.

"Mama, ule udongo uliutoa wapi?"

"Shambani."

"Shambani wapi?"

"We mtoto, hata maji hujanywa. Shikamoo yenyewe iko wapi?"

"Shikamoo mama. Shambani wapi?"

"Marahaba. Nilifanya kama ulivyoniambia. Nikachimba hapa, nikachimba pale, nikachanganya kwenye ndoo safi, nikaanika kivulini. Kosa liko wapi?"

"Hapa na pale ni wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu, nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe wa marehemu baba. Siku hizi pana mboga zinazoota hata usipozipanda, kwa sababu ya samadi ya miaka yote ile na majivu ya jikoni.

"Zote zizini?"

"Kwani zizini si kwetu? Ardhi ni moja. Udongo ni ndugu."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Nikamwambia kwa sauti niliyoijutia ikiwa bado mdomoni kwamba ule wa mteremkoni na huu wa zizini si ndugu wala majirani. Ule mwekundu umejaa chuma na uchachu. Ukiutilia mbolea unaikamata kama mchoyo aliyefungia chakula kabatini, mmea unasikia harufu tu. Ulitaka chokaa kabla ya kupanda. Ulitaka mbolea iwekwe kwenye shimo, karibu na mbegu, si kumwagwa ovyo. Na sisi tumemwambia asiweke kitu wakati wa kupanda! "Kwa nini, mama? Kwa nini ulifanya hivyo?"

Akauweka ungo chini.

"Wewe unafanya kazi na watu waliosoma," akasema. "Wanaufungua mfuko, umeandikwa jina la mama yako. Waone nini? Kile chekundu cha kule, kitu ambacho hata magugu yanakiogopa? Waseme, kumbe huyu binti katokea kwenye ufukara huu? Hata mtoto akienda kwa wageni huogeshwa kwanza."

Niliumia, nasema kweli. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na wa kumwangukia.

"Basi tumwambie kaka," nikasema. "Kilichopimwa si shamba, kwa hiyo msimu huu hauhesabiki."

"Hutamwambia."

"Mama, mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali niliyokufundisha mwenyewe. Neno langu nimeshalitoa. Bora hilo shimo kuliko kuchekwa na watoto wangu."

Na hapo akaurudia ungo wake, maharage yakaanza kuruka juu na chini.

Jumamosi asubuhi nilifagia ua, nikaufagia tena, hadi mama akaniuliza kama natafuta sindano. Kaka akaja na mfyatua matofali, mtu mpana mwenye adabu, aliyetoa shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Tukateremka wote shambani. Nilimtazama mama, naye akatazama mahindi. Nilikuwa nimeuma ulimi kiasi kwamba kaka aliniuliza kama jino linaniuma.

Mfyatua matofali alichimba shimo la kufika gotini katikati ya mistari. Akatoa donge, akalilowesha, akalikanda kiganjani hadi likawa kama unga wa maandazi. Akaliviringisha likawa kamba nyembamba, akaikunja ikawa pete. Haikupasuka popote. Uso wake ukachanua.

"Mama," akasema, "udongo huu ni mali. Nimezunguka sana, sijashika kama huu. Chuma kimo, mfinyanzi umo. Tofali lake wajukuu watalirithi."

"Unasema mzuri?"

"Mzuri mno, mama yangu."

Mama aliinyoosha mikono yote miwili akaipokea ile pete. Sijui aliishika kwa muda gani. Nilijua tu kwamba udongo ule haujawahi kusifiwa na mtu: baba aliutukana hadi anaingia kaburini, bwana shamba aliukunjia pua, na mimi jana yake nilikuwa nimeuita mchoyo.

"Nimeuonea haya maisha yangu yote," mama akasema polepole. Kisha akamgeukia kaka. "Mwanangu, udongo huu haujapimwa. Niliopeleka mimi ni wa zizini."

Kaka alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Wa zizini? Mama! Wewe uliyenichapa mchana kutwa kwa kumwangalizia mwenzangu mtihani?"

Akacheka. Alicheka hadi akashika magoti, na mfyatua matofali akageukia pembeni kuficha meno. Kicheko alichokuwa akikiogopa mama kilikuwa kimefika, naye akasimama palepale, pete mkononi, akikisubiri kiishe.

"Umemaliza?" akamuuliza. "Haya. Msimu huu hauhesabiki. Shamba halijashindwa, halijaulizwa."

"Na likiulizwa, likashindwa?"

"Nitakuita mwenyewe, uje naye." Akamgeukia mgeni. "Baba, samahani kwa usumbufu. Chai ipo nyumbani."

Mfyatua matofali alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekosa posa. "Nilifukie shimo, mama?"

"Liache. Nina kazi nalo."

Mama akapiga magoti. Akakwangua ukuta wa lile shimo kuanzia juu hadi urefu wa kiganja, akatia kwenye ndoo. Akainuka, akaenda kona ya juu, akachimba. Akaja kona ya chini, penye mimea mibaya kuliko yote, akachimba na hapo. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Alipomaliza alinipa mfuko uliofungwa kwa kamba, mzito, unaonipaka wekundu vidoleni.

"Huu ndio wenyewe," akasema. "Usiuogeshe."

Jumatatu nilimkabidhi Mizani mfuko nikajitenga, kama sheria inavyotaka, lakini kazi zangu hazikufanyika. Kila chombo kilipolia nilinyanyua kichwa. Udongo ulipokauka na kuchekechwa na kupimwa, siku kadhaa baadaye, ukiwa namba tu kati ya trei nyingi, nikamsikia anaguna mezani kwake. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walikuwa wamemzunguka, na mkuu wetu alikuwa amesimama mlangoni na wageni.

"Lo! Huu umechacha kama maziwa ya juzi," Mizani akasema kwa sauti. "Fosforasi hata ya kulamba hakuna. Jamani, huu ni wa nani?"

Vichwa vyote vikageuka kuitafuta lebo. Nikainuka kwenye kiti.

"Wa mama yangu," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni. "Ni wa shambani kwetu, mimi nimekulia juu yake. Niambie unataka chokaa kiasi gani."